Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama alinipa kibuyu Jumamosi asubuhi, akaniambia nikitie maziwa nikampelekee mama yake Elmi, kisha akajifunga leso akaenda kwa jirani aliyejifungua. Nilikichungulia ndani. Kilikuwa cheusi kwa masizi na kilinuka moshi wa miaka mingi. Nikajiambia: Barwako, huwezi kumpelekea mama wa watu maziwa ndani ya kitu kama hiki.

Nikakiosha. Nilitumia sabuni ya unga, brashi ya chupa na ndoo mbili za maji ya mto. Nikakisuuza mara tatu, nikakianika juani, nikakikausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyetoa sadaka.

Nayasema haya mwanzoni ili asilaumiwe mtu mwingine. Wasichana wote wa Kiorma niliozaliwa nao wanajua kwamba kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Hufukizwa kwa kijinga cha moto mpaka ndani yake pawe na harufu ile ile niliyoiona uchafu. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa darasa la nne. Nikatoka huko nikaingia sekondari, nikatoka sekondari nikaingia chuo kikuu, na sasa nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, upande wa Golbanti, kumalizia tasnifu yangu ya uzamili. Nilijua kukokotoa mwendo wa maji. Sikujua kufukiza kibuyu.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya kukosea. Baba yake Elmi alifariki zamani, na katika nyumba ile neno la mjane wake, Mama Bilan, ndilo linalofunga mlango na kuufungua. Asipokubali yeye, wazee wa Kisomali wa upande wao wasingekanyaga boma la baba yangu kuniposa. Alikuwa amekataa mara mbili bila hata kuniona. Sababu aliyoitoa ilinifikia neno kwa neno: "Msichana amesoma mpaka mikono yake imekuwa laini kama ya mtoto. Anashinda mbele ya kompyuta anatazama maji. Mwanamke wa kutazama maji atanifanyia nini?"

Mara ya tatu alisema, "Sawa, mlete nimwone."

*

Kuhusu kutazama maji, Mama Bilan hakukosea.

Elmi ana duka Garsen, kando ya barabara kubwa. Anauza paneli za sola na kutengeneza simu, na ana kompyuta moja kubwa anayohariria video za arusi. Mwezi wa pili laputopu yangu iliungua kwa joto, nikaenda kwake nikiwa karibu kulia. Alinipa kiti, akaniwekea modeli yangu ya tasnifu kwenye kompyuta yake, akasimama nyuma yangu akitazama rangi zinavyotembea kwenye skrini.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Jicho."

"Mbona halina kope?"

"Ni utando wa machozi tu. Kila ukipepesa, kope inakupaka maji juu ya jicho. Ni membamba mno. Ukichukua unywele mmoja ukaupasua mara ishirini, unakaribia unene wake."

"Na hapo pekundu?"

"Hapo umechanika."

"Baada ya muda gani?"

"Sekunde nne."

"Na la mtu mzima wa afya?"

"Kumi, au zaidi."

"Basi, dada, jicho lako linaumwa."

"Najua," nikasema. "Miezi mitano sasa linaumwa, na sijui kwa nini."

Akavuta kiti kingine, akaketi mbele yangu, akanitazama machoni bila kupepesa. Nikamuuliza anafanya nini. "Napima langu," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu. Alifika kumi na nne. Katika sekunde zile kumi na nne niliona kwamba macho yake si meusi kama nilivyodhani, ni ya kahawia, na ukingoni mna duara jembamba la rangi ya asali. Sikuwahi kumtazama mwanamume muda mrefu hivyo, na sikuwahi kuwa na sababu nzuri hivyo ya kufanya hivyo. Alipopepesa, machozi yalimtiririka, tukacheka, na tangu siku ile sikutafuta duka lingine.

Nilimweleza sababu ya kazi yangu, nayo ni baba yangu, Halake. Miaka arobaini ya vumbi la ng'ombe imemkausha macho. Kiangazi kikikolea hukaa kivulini ameyafumba, mtu aliyekuwa akimtambua ndama wake toka ng'ambo ya mbuga. Daktari alisema machozi yake hayakai. Nilitaka kujua hayakai kwa nini, nikaamini, na bado naamini, kwamba jambo likieleweka vizuri liko karibu kutibika.

*

Nilifika Garsen kwa pikipiki, kibuyu nimekipakata. Nyumba yao iko nyuma ya duka. Mama Bilan hununua maziwa ya wanawake wa vijijini kila alfajiri, na saa hiyo ya saa nne alikuwa amekwisha kuyauza. Alikuwa ameketi mkekani, mwanamke mrefu mwenye vidole virefu. Farhiya, dada yake Elmi, alikuwa anakatakata vitunguu na kunichunguza bila aibu. Elmi alisimama mlangoni akijifanya anatafuta bisibisi.

"Karibu," akasema Mama Bilan. "Wewe ndiye ya maji?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leta."

Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akakigeuza, akakipigapiga ubavuni. Niliona amependezwa na ufumaji wa kifuniko, kazi ya mama yangu. Akamimina kwenye kikombe cha bati. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi na kutulia, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Hii maziwa," akasema polepole, "imeoga?"

Farhiya akaacha kisu. "Imeoga, Hooyo?"

"Imeoga. Na sabuni ya maua."

Farhiya akaangua kicheko mpaka akajifunika ushungi. "Wallahi nimekufa! Wifi ametuletea maziwa ya kufulia!"

Damu yote ilinipanda usoni. Elmi akaruka kutoka mlangoni.

"Hooyo, ni mimi," akasema. "Nilimpokea kule barabarani, kibuyu kilikuwa na vumbi, nikaona nikioshe."

Mama yake akamgeukia taratibu. "Ukaosha ndani?"

"Ndani, ndiyo."

"Na maziwa iko ndani?"

Elmi akakitazama kibuyu.

"Waryaa, wewe kijana, rudi kwa bisibisi yako," akasema mama yake. Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo pembeni, na hayakuwa na hasira, yalisubiri tu. "Nauliza wewe. Nani aliosha? Mama yako?"

Nyuma yake Elmi alikuwa akinitikisia kichwa kwa nguvu: sema ndiyo, sema ndiyo. Ilikuwa rahisi mno. Mama yangu alikuwa mbali, asingejua. Lakini nilimkumbuka alivyonikabidhi kibuyu kile bila wasiwasi wowote.

"Si mama," nikasema. "Yeye angekifukiza. Ni mimi niliyekiosha, kwa sabuni na brashi. Nilikiona cheusi nikadhani ni uchafu. Sikujua, mama, na sikuuliza."

Farhiya aliacha kucheka.

"Umesoma miaka ngapi?"

"Kumi na minane."

"Kumi na nane, na hakuna siku moja mwalimu alisema kibuyu inakunywa sabuni? Inakunywa, inakaa nayo ndani ya ngozi mwezi mzima. Hata usuuze mara mia." Akanirudishia kikombe na kibuyu. "Nenda mwaga nje. Paka wangu asikunywe."

*

Nje uani palikuwa na karai ambamo Farhiya alikuwa ameloweka sufuria ya samli. Maji yalitulia, na juu yake madoa ya mafuta yalielea, mapana na ya dhahabu, yamesambaa kila mahali. Nilichuchumaa. Nilitaka kulia kwanza, halafu nimwage, lakini mkono ulitangulia.

Tone la kwanza la maziwa lilipogusa maji, mafuta yalikimbia.

Hayakusogea, yalikimbia, kama mbuzi walioona fisi, yakajibana ukingoni mwa karai na kuacha katikati pakiwa peupe. Nikatoa tone jingine upande wa pili. Yakakimbia tena.

"Farhiya!" nikaita. "Kuna maziwa safi? Kidogo tu! Na maji mengine yenye samli!"

"Mimi si kiziwi, usinipigie kelele," akanijibu, lakini akaleta, maana alikuwa na udadisi zaidi ya hasira. Nikatonesha maziwa yake kwenye bakuli la pili. Mafuta yalisogea kidogo, kivivu, yakasimama.

Nikakaa chini kabisa, juu ya mchanga, na gauni langu la heshima.

Uso wa maji hujivuta wenyewe, kama ngozi iliyowambwa. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Nilijua pia kwamba sabuni au mafuta yakigusa mahali hulegeza mvutano wa mahali pale, na sehemu isiyolegea inaushinda, inavuta maji kuelekea kwake. Katika modeli yangu niliukata utando wa jicho vipande elfu kumi, na kila kipande nilikipa mvutano ule ule mmoja. Jicho la kweli lina mafuta juu ya machozi, lakini ni machache mno, nikasema hayawezi kuleta tofauti, na kompyuta ingechelewa mara tatu. Msimamizi wangu aliniuliza mara mbili kwa barua pepe kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika.

Na haya hapa mabaki ya sabuni niliyoisuuza mara tatu, yameyeyuka kwenye maziwa ya kibuyu kizima, tone moja tu la maziwa yale, na karai lote limegeuka.

Kila kipande kilihitaji kubeba kipimo chake cha mafuta. Maji yanayobeba mafuta, na mafuta yanayoyaamuru maji yaende wapi. Pale utando unapoanza kuwa mwembamba, mafuta yametawanyika, mvutano unapanda, maji yanavutwa kurudi kuliziba pengo kabla halijachanika. Jicho langu lilikufa kwa sekunde nne kwa sababu nililinyima njia ya kujiponya.

Elmi alikuja akachuchumaa pembeni yangu. Hakuuliza ninafanya nini, amezoea.

"Kwa nini hukuniachia?" akasema kwa sauti ya chini. "Ningebeba lawama mimi. Mimi ni mwanawe, angenipiga kelele siku mbili, basi."

"Ulisema umeosha ndani na maziwa yamo."

"Nilikuwa nafikiri haraka."

"Hukuwa unafikiri kabisa."

Akatabasamu, lakini kidogo. "Barwako, akikataa mara ya tatu hatanisikiliza tena. Ningesema uongo mia kwa ajili yako."

"Najua. Na ningeuishi mmoja mmoja. Kila kibuyu kikiingia nyumbani ningetetemeka." Nilitazama karai ili nisimtazame yeye. "Akikataa, nataka awe amenikataa mimi. Si mtu uliyemtunga wewe."

Elmi alichukua ncha ya ushungi wangu iliyokuwa imezama kwenye maji, akaikamua taratibu, akaniwekea begani bila kunigusa. Moyo wangu ulienda mbio kuliko samli ile.

"Sasa nyinyi mnafua maziwa?" Mama Bilan alikuwa amesimama juu yetu.

Nilisimama haraka, mchanga umenijaa magotini. Kisha, kwa kuwa aibu ilikuwa imekwisha kunimaliza na hapakubaki cha kupoteza, nikamwambia, "Mama, naomba utazame." Nikatonesha.

Mafuta yakakimbia. Mama Bilan akainama.

"Tena," akasema.

Nikatonesha tena. Akakunja goti, akachuchumaa, akashika kikombe akatonesha mwenyewe. Mara tatu. Mara nne.

"Hiyo mimi najua," akasema. "Mwanamke akitia maji kwenye maziwa, mafuta yake juu inatembea tofauti. Mimi natazama kwanza, halafu naonja. Farhiya nimemfundisha, hana macho ya kuona."

"Nina macho, Hooyo, ni maziwa yananuka!" Farhiya akapaza sauti kutoka jikoni.

"Na wewe, hii ndiyo unasoma?"

"Hii hii, mama. Ila juu ya jicho." Nikamweleza, kwa Kiswahili chepesi, kuhusu machozi na mafuta yake, na baba yangu aketiye kivulini amefumba macho. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Baba yako inamuuma vipi?" akauliza.

"Mchana, wakati wa vumbi. Kama mtu ametiwa mchanga."

"Kama mchanga," akarudia. Akapitisha ncha ya ushungi wake kwenye pembe ya jicho, na hapo ndipo nilipoelewa ule wekundu. "Na wewe unaweza kutengeneza hiyo?"

"Bado. Leo nimejua nilikosea wapi. Kutoka hapo mpaka dawa ni mbali sana, na huenda atakayefika si mimi. Lakini mwanzo ndio huu."

Nilidhani jibu hilo lingemvunja moyo. Aliendelea kutazama karai.

"Miaka ishirini na tatu nanunua maziwa," akasema hatimaye. "Ikiharibika, mwanamke anasema jua. Anasema ng'ombe mgonjwa. Anasema pikipiki ilichelewa Kilelengwani. Ishirini na tatu. Hakuna hata mmoja alisema, ni mimi." Akanyanyuka, akishika bega langu kama fimbo. "Kufukiza kibuyu, mimi nafundisha siku mbili. Hiyo ingine sijui kufundisha."

*

Kama ningekuwa msichana mwenye adabu kamili, ningebaki jikoni nimsaidie Farhiya. Lakini nilikimbilia dukani kwa Elmi, nikararua ubavu wa katoni ya paneli, nikaandika milinganyo mitatu kabla haijanitoroka. Mikono yangu ilinuka sabuni ya maua. Elmi alishika katoni isiteleze, na kila nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama mimi, si milinganyo.

"Uso wako sasa," akasema, "ungejiona."

"Ukoje?"

"Kama umeniona mimi mara ya kwanza."

"Siku ile nilikuwa na kiu tu na laputopu imeungua," nikasema, naye akacheka mpaka mteja wa chaja akageuka.

Pazia la nyuma likafunguka. Mama Bilan aliingia na simu yake, ameiweka sauti juu kama wafanyavyo watu wazima wote wa Garsen.

"Mumina? Assalamu alaikum. Mimi Bilan, wa maziwa."

Nikasikia sauti ya mama yangu, yenye wasiwasi. "Waalaikum salaam. Kuna nini? Mtoto amefika?"

"Amefika. Lakini kibuyu yako…"

"Ya Rabi! Amekiosha!"

"Wewe umejuaje?"

"Nimerudi nimekuta brashi ya chupa imeanikwa. Dada yangu, naomba radhi, huyu mtoto nilimpa serikali akiwa mdogo, wamemrudisha hivyo."

Mama Bilan alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Elmi aliniambia baadaye kwamba naye alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyosikika. "Radhi ya nini? Mimi nitakupa kibuyu ingine. Sikia, wazee wangu wanataka kuja kwa Halake. Wanne. Alhamisi, inshallah."

Mkono wa Elmi ulikuwa juu ya katoni, wangu pia, na kati yake hapakuwa hata na nafasi ya herufi moja.

"Alhamisi Halake atakuwa na ng'ombe," akasema mama, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Waje Ijumaa, baada ya swala. Lakini, dada Bilan, mimi nina swali moja tu."

Swali lenyewe sikulisikia, kwa kuwa Mama Bilan alipunguza sauti akaiweka simu sikioni. Akasikiliza. Akakunja uso. Kisha akafunika simu kwa kiganja akanigeukia.

"Hooyo," akaniita.

Ni neno ambalo Elmi na Farhiya humwita yeye, maana yake mama; na mama wa Kisomali humwita hivyo hivyo mtoto aliyemzaa. Elmi alilisikia.

"Mama yako anauliza kama wewe mwenyewe umekubali," akasema Mama Bilan, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye ndiye aliyeona haya. "Mimi nimeuliza maziwa, nimeuliza macho. Hiyo nimesahau kuuliza."

Inatakiwa msichana atazame chini na anyamaze, na kimya chake kichukuliwe kuwa jibu. Nililijua hilo, hilo hata shule ya bweni haikunisahaulisha. Lakini nilimtazama Elmi, machoni, kwa muda wote niliotaka.

"Nimekubali," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata yule mteja wa chaja akaitikia, "Mashallah!" na wanawake waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuuliza kuna nini.